Wapigakura Ndio Wanaohama

Wakenya wenzangu hapa Uingereza wamezoea kusema Reform UK, chama kipya kinachovitikisa vyama vikongwe vya huku, ndiyo UDA ya Wazungu, yaani kama chama cha William Ruto kilivyoiangusha Jubilee kwetu. Sikubali. UDA ilitoka jikoni mwa chama tawala. Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake Ruto walikosana ndani ya Jubilee, naibu akatoka na watu wake, na kufikia 2022 chama kilichoshinda 2017 kilikuwa kimebaki gofu. Hata KANU, chama kilichotawala tangu uhuru, "baba na mama" ya enzi hizo, iling'olewa 2002 baada ya vigogo wake wenyewe kuhamia upinzani ulioungana kuwa NARC. Kwetu mkubwa huhama kwanza, sisi tukamfuata na matarumbeta.

Huku waliohama ni wapigakura. Mwaka 1951 vyama viwili vikubwa, Labour na Conservative, vilizoa kwa pamoja karibu asilimia 97 ya kura zote. Julai 2024 hawakufikisha hata 58. Reform ya Nigel Farage ilipata asilimia 14, Liberal Democrats 12, Greens karibu 7. Mei 2025, katika uchaguzi mdogo, Reform ikalichukua jimbo la Runcorn and Helsby, ngome ya Labour, kwa tofauti ya kura 6. Sita!

Sasa angalia viti. Kwa zile asilimia 14, Reform ilipata wabunge 5. Liberal Democrats, wenye kura chache kuliko hizo, walipata 72, kwa kuwa kura zao zilirundikana katika majimbo waliyoyalenga. Labour walichukua theluthi moja ya kura na viti 411 kati ya 650. Anayeongoza jimboni huchukua kiti hata kama wengi hawakumtaka, kama tunavyochagua wabunge wetu Kenya. Mwaka 2011 Waingereza waliulizwa kwa kura ya maoni kama wabadilishe utaratibu huo, wakakataa katakata. Vyama viwili vikubwa vikabaki na utaratibu uliovifaa. Vilichosahau ni kwamba chama kipya kikishapata kura za kutosha, utaratibu huohuo utakibeba kama ulivyovibeba vyenyewe.

Siipigii debe Reform. Maneno yake kuhusu wahamiaji yananihusu mimi moja kwa moja. Wala wabunge wake si wapya wote: mbunge Lee Anderson alihamia huko Machi 2024 baada ya kusimamishwa na Conservative, na siku hiyo nilijiona niko nyumbani kabisa. Ila alikuwa anawafuata wapigakura, hakuwaongoza. Ninachowaonea wivu Waingereza ni hicho: chama kikubwa kinaweza kuporomoka bila kigogo yeyote kukasirika.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba mimi, raia wa Jumuiya ya Madola, naruhusiwa kupiga kura ya ubunge huku. Uchaguzi wa Kenya, nikiwa ng'ambo, napigia rais tu. Mbunge wa kwetu akihama chama kesho, mimi wa kumwadhibu simo.