Friilansa mpya akiuliza jambo dogo, ajibiwe?

Asubuhi moja ya mwezi Juni tulikuwa madereva watano wa kuongoza watalii kwenye gereji ya Unga Limited, hapa Arusha, kila mtu anasubiri gari lake. Land Cruiser ninayoendesha ilikuwa juu ya jeki, fundi anabadilisha bushi za nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa amepewa safari yake ya kwanza akatoa karatasi ya ratiba mfukoni, akaipitia, kisha akauliza: "Kaka zangu, samahani. Tukilala Serengeti siku mbili halafu tukarudi kwa njia ileile, Ngorongoro inalipiwa mara moja au mara mbili?"

Walicheka. Mmoja akamwambia, "Chalii, hicho cheti ulipewa au uliokota?" Mwingine akasema akawaulize waliompa kazi. Kijana akacheka nao, kama mtu anavyocheka akiwa hana la kufanya, akaikunja karatasi. Mimi jibu nilikuwa nalo na sikulitoa.

Jibu lenyewe halizidi dakika moja. Ngorongoro ina mamlaka yake na Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo malipo yake hayachanganywi. Kibali cha Ngorongoro ni cha saa 24. Ukipita kwenda Serengeti unalipia, na ukirudi baada ya siku mbili unalipia tena, hata kama unapita tu kuwahi Karatu. Basi kabla hujatoka mjini kagua karatasi za ofisi, yaani kampuni ya utalii iliyokupa safari, uone malipo ya kwenda yapo na ya kurudi yapo.

Siku nne baadaye nilimkuta Naabi, kwenye lango la Serengeti upande wa Ngorongoro. Wageni wake wanne wamekaa chini ya mti, visanduku vya chakula vitupu miguuni, mmoja anatazama saa kila baada ya muda. Yeye alikuwa anazunguka na simu juu akitafuta mtandao, kwa sababu malipo ya kurudi hayakuwa yamefanywa, ilikuwa Jumapili, na mhasibu hapokei. Lango linafungwa saa 12 jioni. Walipita, lakini kwa kuchelewa sana, na baadaye nilisikia kwamba ofisi ilikata kiasi fulani kwenye malipo yake. Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria swali lake, na kimya changu.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: sehemu kubwa ya madereva waongoza watalii wa Arusha hawajaajiriwa. Ni mafriilansa. Ofisi inakupigia simu ikiwa na wageni, unalipwa kwa siku, safari ikiisha mnaagana. Hakuna wa kukufundisha taratibu za kazi. Unachokijua umekipata kwa wenzako, na wenzako ndio unaogombania nao kazi. Hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Nianze na wakongwe, maana ni rahisi kuwaita wachoyo na kuishia hapo. Mzee mmoja ninayemheshimu, aliyeanza kuendesha wakati barabara ya kutoka Makuyuni kwenda Karatu ni vumbi tupu, aliniambia hivi: "Swali la kwanza ukimjibu, la pili atakuuliza ofisi gani inakupa kazi, la tatu ataenda kuwaambia yeye anachukua nusu yako." Hakuwa anatunga. Yalimkuta. Kijana aliyemfundisha njia za Ndutu, mpaka akamwonyesha mahali pa kupita wakati wa mvua ili gari lisizame kwenye tope jeusi, ndiye aliyemrithi kwenye ofisi aliyoifanyia kazi miaka mingi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia awe mkarimu wa maarifa unamwambia atoe chakula mezani kwake.

Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi. Porini uko peke yako. Mtandao hakuna, radio koo ya gari inakatika, na nyuma yako wamekaa watu sita waliokuamini. Mwongozaji anayesubiri kila kitu ajibiwe atafanya nini akiwa hana wa kumuuliza? Wakongwe wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kwa upande huu nakubaliana nao. Asiyejua kutofautisha tai na kipanga ana vitabu vya ndege. Asiyejua nyumbu wako wapi mwezi Februari na wako wapi Agosti anaweza kukaa na ramani jioni moja akajua kwamba huzalia nyanda za kusini karibu na Ndutu mwanzoni mwa mwaka, na kwamba kuvuka Mto Mara ni habari ya kaskazini, miezi mingine. Ukiniuliza hayo bila kugusa kitabu, unaomba nikusomee. Pale chuo cha Mweka, juu ya Moshi, wanafundisha mambo ya wanyamapori tangu 1963, na vyuo vya utalii viko hapa mjini.

Na maswali haya hayaishi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa nje 1,527,230. Mwaka 2020 wakashuka mpaka 620,867. Hapa Arusha hatukuhitaji kusoma takwimu kulijua hilo: magari yaliegeshwa mpaka majani yakaota chini yake, wenzetu wakaingia kwenye bodaboda, wengine wakarudi shamba, na wapo ambao hawakurudi tena. Kisha hali ikageuka, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Kazi ikaongezeka na vijana wakamiminika. Kila Juni, msimu ukifunguka, maswali ni yaleyale, na anayejibiwa leo humtuma mwenzake kesho. Mtu aliyejibu jambo moja mara mia akikasirika ya mia na moja, sina haki ya kumlaumu sana.

Lakini wakongwe wanayatupa maswali yote kwenye kapu moja, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Swali la ndege lina kitabu. Swali la malipo halina. Hakuna ukuta hapa mjini ulioandikwa friilansa anastahili kiasi gani kwa siku, nani analipia malazi ya dereva mkilala hotelini Karatu, kama siku ya kuwapokea wageni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, inahesabiwa siku ya kazi, au kama tipu ni sehemu ya malipo. (Si sehemu ya malipo. Bahasha ya mgeni ni shukrani ya mgeni. Ofisi inayokuambia "malipo ni madogo lakini wageni hawa wanatoa vizuri" inakulipa kwa mfuko wa mtu mwingine.) Mambo haya yamo vichwani mwa watu tu. Tukiyafungia, kijana atayajulia wapi? Atayajulia kwa anayemlipa, ambaye ana kila sababu ya kutomwambia.

Na hapo ndipo silaha ya mkongwe inapomgeukia. Kijana asiyejua kiwango hakukubali nusu kwa ubaya. Alikubali kwa sababu ndiyo namba pekee aliyowahi kusikia. Msimu unaofuata ofisi inamwambia mkongwe, "Mbona kuna mtu anachukua hivi?" Yule mzee wangu anaamini aliibiwa kazi kwa sababu alifundisha. Nimemsikiliza mara nyingi, na kwa heshima zote naamini aliibiwa kwa sababu alifundisha nusu. Alimfundisha tope la Ndutu, hakumfundisha bei.

Kodi ni hivyohivyo. Ofisi ikikulipa kama mtoa huduma inatakiwa kukata kodi ya zuio, asilimia 5, na kuipeleka TRA. Wapya wengi wanakatwa na hawajui wadai nini. Unadai hati ya makato hayo, kwa sababu ukifika wakati wa kufanya hesabu zako TRA, kilichokatwa kinahesabiwa kuwa umeshakilipa. Bila hati utaonekana hujalipa kitu. Nilikaa misimu kadhaa bila kulijua hili. Niliona aibu kuuliza kwa sababu nilishaitwa mzoefu, na aibu ile iliniondolea fedha halali.

Aibu ndiyo ninayoihofia kuliko uchoyo. Mchoyo anakunyima jibu moja. Aliyekucheka mbele za watu amekunyima majibu yote yajayo, kwa sababu hutauliza tena, na kutokuuliza kwako kutaonekana kama kujua. Kijana wa gereji aliendesha safari nzima akiwa na swali lake limekunjwa mfukoni. Bahati nzuri lilikuwa la karatasi. Lingekuwa la breki kushika moto kwenye mteremko wa kushuka kreta ya Ngorongoro, au la mgeni mwenye pumu aliyesahau dawa yake Arusha, hakuna makato ambayo yangelirekebisha. Maswali ya usalama kwangu hayana udogo. Ayaulize hata mara tatu, hata kwa mtu aliyechoka, hata usiku.

Kuna jambo wakongwe hulisahau wanaposema wao hawakufundishwa na mtu. Wengi wao walifundishwa, ila mafunzo yale hayakuitwa mafunzo. Kijana aliingia kambini kama msaidizi wa mpishi, akakaa pembeni ya dereva, akasukuma gari, akabadilisha tairi, akabeba mahema. Baada ya miaka miwili akawa ameshajibiwa kila kitu bila kufungua mdomo. Leo safari nyingi ni za hoteli, chakula kinapikwa huko, kiti cha mbele ni cha mgeni anayepiga picha. Kiti cha kujifunzia kimeondoka. Kwa hiyo kijana anatoka chuoni, anapata leseni ya kuongoza watalii kama sheria ya utalii ya 2008 inavyotaka, na safari yake ya kwanza ndiyo siku yake ya kwanza barabarani. Maswali anayoyaleta gerejini ni yale ambayo zamani yalijibiwa na kile kiti.

Siku hizi nina utaratibu wangu, na sidai kila mtu aufuate. Ukiniuliza bei, kodi au mkataba, nakujibu palepale, na nakuomba umwambie na mwenzako. Ukiniuliza usalama, naacha ninachokifanya. Ukiniuliza ndege au nyumbu, nakuuliza kwanza umesoma wapi. Ukiniuliza ofisi gani inanipa kazi, sikujibu, na sioni vibaya kutokukujibu. Wenzangu wawili wanasema nimekuwa laini. Mmoja anasema bado ni mgumu, kwamba hata jina la ofisi ningelitoa. Hilo la mwisho bado linanisumbua, maana mimi mwenyewe simu ya kwanza niliipata kwa mtu aliyenitaja.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye ile gereji. Yule mzee alikuwa pale, miwani juu ya paji la uso, amesogeza simu mbali na macho. Leseni yake inakaribia kuisha na maombi siku hizi yanafanyika mtandaoni, ukurasa baada ya ukurasa, weka picha, weka cheti, subiri kontroo namba. Alikuwa amekwama kwenye neno la siri. Pembeni yake ameketi kijana wa Naabi, msimu wake wa pili sasa. Mzee akamtazama, akatazama simu, akatutazama na sisi. Kisha akamnyooshea.

"Hebu nisomee hapa, mwanangu, wanataka nini?"

Kijana akaipokea, akafuta kioo kwa shati, akaanza kumsomea polepole. Hakuna aliyecheka.