Kwa abiria wa Bukoba mnaolalamika

Mnaosema ndege ya asubuhi kwenda Bukoba imecheleweshwa "kwa mvua tu", hilo Ziwa Victoria mnalijua kweli? Usiku nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto. Pepo kutoka kando zote hukutana ziwani na kuisukuma juu hewa iliyojaa unyevu. Mvuke ukigeuka matone hutoa joto, hewa inazidi kuwa nyepesi, inapanda tena, wingu linakua hadi kilomita kumi na zaidi. Ndiyo maana radi za ziwani hupiga usiku hadi asubuhi, wakati za nchi kavu nyingi hupiga alasiri. Ndani ya wingu hilo kuna mikondo ya kupanda na kushuka, na ATR, ndege ya abiria ya mapangaboi, haishindani nayo. Rubani akisema tusubiri, mimi naagiza chai nyingine.