Penne si urembo wa makaroni

Wapishi wa mitandaoni, tuoneeni huruma. Video inaanza, "leo nawapikia makaroni," pakiti inafunguliwa, zinamwagika penne, vile vibomba vya pasta vyenye ncha za mshazari. Mtu anauliza kwa nini ncha zimekatwa upande, anajibiwa: "urembo tu."

Urembo! Mkato huo ndio uliozaa jina. Penna kwa Kiitaliano ni unyoya, na ni kalamu pia, maana Ulaya iliandika kwa manyoya ya bata bukini karne nzima nzima, na unyoya ulichongwa mshazari kwanza ndipo ukaandika. Zikiwa nyingi ni penne, kwa hiyo "mapenne" ni wingi juu ya wingi, ila hilo nalisamehe. Hata peni unayoazima benki ni ndugu yake: asili ni Kilatini kilekile, imepitia kwa Waingereza tu.

Na huo "urembo" uliwatoa watu jasho. Donge likiwa bado bichi, mkasi unalibana: mdomo wa bomba unagandana, kingo zinachanika, mchuzi hauna pa kuingilia. Ndiyo maana mwaka 1865 Giovanni Battista Capurro, mtengeneza pasta wa San Martino d'Albaro, Genova, alijipatia hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya mashine ya kukata mshazari bila kuponda. Mtu hasumbukii hataza kwa ajili ya pambo.

Mkato wa mshazari unaacha mdomo mpana kuliko ule wa kunyooka, hivyo mchuzi wa nyanya unazama hadi ndani. Gharama yake ni kwamba ncha inalainika kabla ya tumbo. Ukichemsha hadi tumbo lirojeke, ncha zimeshapasuka na bomba limelala bapa. Kwa kila gramu 100 weka maji lita 1 na chumvi gramu 10. Anza kuonja dakika 2 kabla ya muda wa kwenye pakiti. Ukiikata, kiini kiwe bado na weupe kidogo. Ihamishie kwenye sufuria ya mchuzi pamoja na upawa mmoja wa maji yake, ukoroge motoni mpaka mchuzi ushike. Mnaosuuza kwa maji baridi mnamwaga wanga, na wanga ndio gundi ya mchuzi. Mafuta kwenye maji ya kuchemshia? Yanaelea, basi.

Kuna zenye mistari na kuna zisizo nayo. Hizi za pili hata Waitaliano waliziacha rafuni korona ilipoingia mwaka 2020, huku pasta nyingine zikigombaniwa. Wanaozitetea wanasema zinaiva sawasawa kila upande. Haya, tuwape hilo. Na kama ni ya kuoka na sosi nyeupe, sawa, tumia makaroni yako.

Nyama ya kusaga ichambuliwe vizuri wakati wa kukaanga. Bonge likizidi upana wa bomba linabaki chini ya sahani, halafu zinalaumiwa penne.