Nirudishieni chenji yangu ya taarab

Saa hizi nimekaa bandarini Malindi, boti haijafungua mlango, mfukoni nna mia saba na tikiti, na hiyo tikiti ipo kwa sababu nilikata kwenda na kurudi, la sivyo ningekuwa nishahamia Unguja kwa nguvu. Elfu kumi yangu imekwenda jana usiku kwenye taarab. Sijaibiwa. Ningeibiwa ningelala usingizi.

Mama watoto keshatuma ujumbe mara tatu. Wa kwanza kanga na halwa, wa pili kanga na halwa, wa tatu alama ya kuuliza peke yake. Wenye wake mnaijua ile alama.

Mie mtu mzima, kwetu Wete, Pemba, nna heshima zangu, msikitini nakaa safu ya mbele, nikasema mwaka huu na mie nisafiri kama wanavyosafiri watu, nikasikilize muziki. Kwani wageni wanapanda ndege mbili tatu kuja Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, karibu kila Februari tokea 2004, mie niliye ng'ambo ya maji tu hapa nasikia redioni, si aibu hiyo? Mwanangu akaniazima begi lake la mgongoni. Hapo ndo nilipokosea. Nashuka botini, kaskazi imenikoroga tumbo njia nzima, papasi huyo, wale wanaowinda wageni, "Jambo jambo! Karibu Zanzibar!" Nikamwambia yakhe, mie Mpemba. Akasema, "Ah, Pemba pazuri sana, ushafika? Nikupeleke, bei ya rafiki."

Gesti sisemi kitu, feni lilikuwa linazunguka kwa hiari yake. Forodhani nilikula mshkaki mmoja, nilipotajiwa bei nikamuuliza yule kijana, na ng'ombe aliyebaki nimchukue wapi.

Pale pale Forodhani mzee mmoja akanipa darasa bila kumuomba. Ati Seyyid Barghash, sultani wa zamani, alimtuma Mohamed Ibrahim mpaka Misri akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi, arudi ampigie jumbani. Sawa, lakini nauli kalipa nani? Seyyid. Tena Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, katoka Fumba anakuja mjini kuuza vyungu, 1928 yuko Bombay anarekodi santuri. Na Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, imeanzishwa 1905, sie hatukuwa hata fikra. Mzee akanitazama akasema, "Sasa wewe umekuja huku hujaingia taarab? Utawambia nini watu wa kwenu?" Maneno yaliniingia. Nikaenda.

Ukumbi siutaji, kikundi sikitaji, hawana kosa lolote, kosa langu. Nimefika mapema kama mtu wa shamba, wapigaji ndo kwanza wanatia sauti ala zao. Sasa kanuni ina nyuzi sabini na kitu, na bwana yule alikuwa hana haraka na hata mmoja. Anakaza, anasikiliza, anakunja uso, anaregeza. Mie nikapiga miayo mpaka nikamaliza. Lakini ilipoanza bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, fidla zikaingia pamoja, udi chini yake, akodiani inahema kama mtu anayekumbuka kitu, wallahi nilinyamaza, nikasahau hata mshkaki. Ukumbi wote unanukia asumini na udi wa kufukiza, wanawake wamekaa na madira yao kama wanangoja kupigwa picha.

Kando yangu bi mkubwa mmoja, ana kikuba kifuani, mpole, ananiita baba. "Baba, mgeni?" Nikamwambia naam bibi, natoka Pemba. Akasema mashaallah. Akanipa na kashata. Mie nikasema watu wa Unguja wana imani, kumbe nimeajiriwa.

Mwimbaji kaanza. Mnajua taratibu, mtu anainuka taratibu, anakwenda kwa mwendo wa madaha na noti juu, anampa mwimbaji, ndo kumtunza huko, anarudi. Wamekwenda mmoja, wawili, wanane. Bi mkubwa akanigusa kiwiko. "Baba, huendi kutunza?" Nikamwambia nitakwenda, bibi. Mfukoni nna mia mia za sarafu na elfu kumi moja nyekundu, ile ya kanga na halwa. Sarafu hutunzi, utamtunza mtu sarafu kama unalipa daladala? Nikajipa akili, nitampa ile kumi, nimwambie kwa adabu anirudishie tisa, mbele yake si kuna beseni limejaa noti, chenji ipo. Bi mkubwa akanishika mkono, "Ngoja baba, usende saa hizi. Ngoja." Nikangoja. Ukaingia ubeti wa jirani anayekuja kuazima chumvi akarudisha maneno. Akanisukuma. "Haya, nenda!"

Nikenda. Na madaha, kama wanavyofanya. Noti juu. Nyuma yangu nasikia vigelegele, moyo ukanipanda, nikasema Pemba nayo ipo. Nikafika, nikamtia noti mkononi, nikainama nikamwambia sikioni, fidla zinalia, ngoma ya dumbak inalia, "Nirudishie tisa, mwanangu." Akatabasamu, akatikisa kichwa, akawageukia wapigaji akawafanyia ishara ya kidole.

Akarudia ubeti.

Yakhe, kasikia rudia! Mie nimesimama pale mkono wazi naomba chenji, yeye anaimba jirani wa chumvi mara ya pili, sasa kwa nguvu zaidi maana kaona kuna mtu kalipia. Nikamwambia tena, "Sio rudia, ni-ru-di-shi-e." Akafanya ishara tena. Mara ya tatu! Ukumbi umesimama. Ndo nikageuka kutafuta msaada, nikaona mama mmoja wa dira la kijani, safu ya nyuma, kanikazia macho mimi. Mimi! Kageuza shingo kwa bi mkubwa wangu, kisha kwangu tena. Na bi mkubwa wangu katulia, anajipepea na ncha ya mtandio, kama mtu aliyemaliza kazi zake za siku.

Mambo yenyewe nilikuja kuambiwa na kijana wa mlangoni. Wale wawili ni majirani, hawasemeshani tokea upatu ulipovunjika mwaka juzi, na bi mkubwa hawezi kwenda kutunza ubeti ule mwenyewe maana itaonekana kaanza yeye. Kwa hiyo kamtuma mtu asiyejulikana. Kashata ile ndo ilikuwa mshahara.

Dira la kijani halikulala. Ubeti uliofuata, wa mgeni anayeingia nyumba za watu hajui choo kiko wapi, likainuka na noti mbili nyekundu, likapita mbele yangu mimi nimeshakaa, likanizunguka na kiti changu, likenda kutunza linanionesha kwa kidole cha shahada. Vigelegele vya upande wa pili. Elfu ishirini kwa ajili yangu! Mtu hanijui jina! Nikamwambia bi mkubwa, bibi, mie nataka tisa zangu tu. Akasema, "Usiogope baba, tuko pamoja." Tuko pamoja wapi? Mie asubuhi naondoka, yeye anabaki na mlango wake!

Mwisho nikenda kwa bwana wa fidla wakati wa mapumziko, nikamueleza kiutu uzima. Akanisikiliza vizuri, akaniambia, "Mzee, pesa ya kutunza ni kama sadaka." Sadaka unampa mtu akakutungia maadui?

Ningejua ningengoja Julai nende Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, kule wanapigana kwa migomba mchana kweupe, unampiga anakupiga, unajua nani kakupiga na kwa sababu gani, kinachomwa kibanda, kila mtu anakwenda kula. Au ningebaki kwetu nikaangalia msewe, watu wamejifunga misewe yao miguuni wanacheza, humpi mtu hela, hulazimiki. Au kibati, japo kibati nako wanasemana, tena upesi upesi, lakini angalau wanasemana wao kwa wao.

Na ule ubeti haujatoka kichwani. Asubuhi napiga mswaki nauimba. Hapa bandarini nimeuimba kidogo tu, chini chini, mama anayeuza njugu kanigeukia, "Hayo unaniambia mie?"

Simu imelia tena. Alama ya kuuliza mbili.

Nimefikiri hivi, kanga nitasema maduka yalifungwa. Halwa nikishuka Pemba nitakopa pale pale Wete, maana halwa ya Wete haina dosari, nitaitia kwenye mfuko wa Unguja nseme nimetoka nayo sokoni Darajani. Tabu moja tu, muuzaji ni mjomba wake mama watoto, na yule bwana mdomo wake hauna kifuniko.