Baba katika unyonyeshaji: msaidizi au msimamizi?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na kwamba kwa miezi 6 ya kwanza asipewe chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji, isipokuwa dawa, matone ya vitamini au maji ya chumvichumvi pale yanapohitajika. Pendekezo hilo ni rahisi kulitamka na zito kulitekeleza, kwa sababu mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na kila mara anayeitwa ni mtu yuleyule mmoja. Kutokana na uzito huo, wito wa kuwahusisha baba umezidi kusikika, nami nauunga mkono. Ninachotilia shaka ni namna unavyotekelezwa, kwa kuwa kumtaka baba abebe sehemu ya mzigo ni jambo moja, na kumpa sauti ya ziada juu ya mwili usio wake ni jambo jingine kabisa.

Ushahidi wa upande unaounga mkono si wa kubahatisha. Katika jaribio lililofanyika Naples, Italia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, kina mama wa makundi mawili walipata ushauri wa unyonyeshaji, lakini baba wa kundi moja tu ndio waliofundishwa jinsi ya kuzuia na kukabili matatizo ya kawaida ya kunyonyesha. Mtoto alipofikisha miezi 6, asilimia 25 ya kina mama wa kundi hilo walikuwa bado wananyonyesha kikamilifu, ilhali katika kundi la pili walikuwa asilimia 15. Tofauti hiyo ni kubwa kwa somo fupi walilopewa wanaume, ingawa takwimu hizohizo zinaonyesha kwamba hata palipokuwa na baba aliyefundishwa, kina mama watatu kati ya wanne hawakufika huko.

Kwa nini somo hilo lilisaidia? Jibu, kwa maoni yangu, liko katika usiku wa pili na wa tatu baada ya kujifungua. Siku hizo matiti hutoa dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito yenye rangi ya manjano, ambayo ni machache kwa kipimo lakini yanalitosha tumbo dogo la mtoto. Maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya 2 na ya 4. Mtoto hulia, uzito wake hupungua kidogo kama kawaida, chuchu zinauma, na mtu fulani ndani ya nyumba hutamka kwamba maziwa hayatoshi. Mara nyingi anayetoka kwenda kutafuta maziwa ya kopo ni baba, tena kwa nia njema kabisa. Mtoto akishiba kopo hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa, hivi kwamba baada ya siku chache kauli iliyokuwa hofu tupu inakuwa kweli. Isitoshe, maumivu na wasiwasi huzuia homoni inayosukuma maziwa yatoke, kwa hiyo mume anayerudia kuuliza kama mtoto ameshiba anaweza kuchangia tatizo lilelile analoliulizia. Baba anayeelewa mambo haya hunyamaza mahali pa kunyamaza na huamka mahali pa kuamka.

Hata hivyo, elimu nusu ina hatari yake. Yupo baba aliyeshika neno "pekee" katika ushauri wa "maziwa ya mama pekee" kama amri, akaona aibu mkewe akishindwa, na akakataa ushauri wa mhudumu wa afya hata pale mtoto alipohitaji nyongeza kwa sababu za kitabibu. Mtoto aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake wa kuzaliwa, anayelala mno kiasi cha kutoamka kunyonya, au ambaye baada ya siku ya 5 analowesha nepi chache kuliko 6 kwa siku, anahitaji kuchunguzwa haraka. Somo la baba lisilotaja dalili hizi lina pengo kubwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu mamlaka. Pale ambapo mwanamume tayari ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya fedha, safari na matibabu, mpango unaomwita "mlinzi wa unyonyeshaji" unaweza kuongeza jicho jingine la kumchunga mwanamke. Kliniki zinazowahudumia kwanza wanawake waliofuatana na wenzi wao huwaadhibu, bila kukusudia, wajane, walioachwa na wale ambao kwao kuja na mwenzi ni hatari. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 kuhusu afya ya mama na mtoto yaliunga mkono ushiriki wa wanaume kwa sharti kwamba uheshimu uchaguzi na uhuru wa mwanamke wa kuamua. Kwangu mimi sharti hilo ndilo kiini cha jambo, ila katika utekelezaji ni rahisi kulisahau, maana kuhesabu wanaume waliohudhuria ni kazi nyepesi kuliko kujua walichokifanya waliporudi nyumbani.

Na wafanye nini huko? Wengi hudhani njia ya baba kuwa karibu na mtoto ni kumlisha kwa chupa usiku. Maziwa yaliyokamuliwa bado ni maziwa ya mama na hayavunji kanuni, lakini katika wiki za mwanzo kuruka zamu ya usiku bila kukamua hupunguza utengenezaji wa maziwa. Kazi zilizobaki ni nyingi: kubadilisha nepi, kumweka mtoto begani hadi abeue, kumlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kupika, kufua, kuwaangalia watoto wengine na kuzuia wageni mama anapolala. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mahali msemo huo unapothibitika kama saa tisa za usiku.

Tusimlaumu baba peke yake, lakini. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, wakati miezi 6 ni wiki 26, na hauweki kiwango chochote cha likizo kwa baba. Mwajiri anayemwita kazini siku ya nne humwondoa nyumbani wakati uleule maziwa yanapoanza kujaa, na hakuna semina inayoweza kufidia hilo.

Kwa hiyo ningependa vipimo vya mipango hii vibadilike. Badala ya kuandika daftarini kama baba alikuja, mhudumu amwulize mama, akiwa peke yake, katika ziara ya wiki ya 6: usiku wa jana ulilala saa ngapi, na nani alikuwa amembeba mtoto wakati huo?