Friji lingeweza kunyamaza

Usiku nyumba nzima ikilala, friji hubaki linanguruma. Sauti ile ni ya kompresa, pampu inayokandamiza gesi ya kupoza, nasi tumeizoea hadi tunadhani baridi haiji bila kelele.

Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji lisilo na mota wala kompresa. Moto mdogo huchemsha maji yenye amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa ukawa majimaji, kisha hugeuka mvuke tena ukiondoka na joto la chakula, halafu hurudi kumezwa na maji. Hakuna kinachozunguka, basi hakuna cha kupiga kelele. Marekani, kampuni ya Servel ilianza kutengeneza mafriji ya aina hiyo, ya moto wa gesi, mwaka 1926.

Mwaka uliofuata General Electric ikaleta Monitor Top, friji la umeme lililobeba kompresa yake kichwani, na likauzwa kwa zaidi ya milioni moja. Servel ikaja kuachana na friji miaka ya 1950.

Wapo wanaosema hapo ilishinda pesa, si mashine. Wana hoja: General Electric iliuza pia mitambo ya kuzalisha umeme, na taa huzimwa asubuhi, friji halizimwi. Mteja gani bora kuliko huyo? Servel haikuwa na ubavu wa kushindana na General Electric kwa matangazo.

Lakini Monitor Top halikuwa tangazo tupu. Mafriji ya umeme ya mwanzo yalivujisha gesi za sumu, kama dioksidi ya salfa, na watu walikufa. Kuifungia kompresa ndani ya chuma kulipunguza uvujaji huo. (Freon, gesi mpya ya kupoza ya 1930, iliondoa sumu jikoni, ikaja kutoboa tabaka la ozoni angani.) Na friji la moto nalo lina lake: hula nishati nyingi zaidi kwa baridi ileile, na moto usipowaka vizuri hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu. Ukimya wa namna hiyo siutaki chumbani kwangu.

Kwa hiyo naona pesa iliharakisha tu ushindi ambao kompresa ingeupata, ila ni pale nguzo za umeme zilipofika. Zisipofika, hesabu hugeuka. Zahanati nyingi za vijijini Afrika Mashariki zilitunza chanjo kwa friji la mafuta ya taa, mtoto wa ubunifu uleule wa Stockholm, na muuguzi aliukata utambi wake mpaka moto uwe wa buluu.