Mbona hakuna aliyeniambia pole na safari?

Jumamosi tumehamia. Vyumba vitatu huku Gungu, Kigoma, miaka tisa tangu nichimbe msingi, na wageni hata hawajanawa mikono wale ugali na migebuka, baba mdogo kachungulia dirishani kasema hongera mwanangu, sasa fensi lini? Shangazi naye, na tailizi je? Nikaitikia kwa heshima ila usiku nimekaa kibarazani nimeumia kwelikweli.

Najua hawana nia mbaya. Ndivyo tulivyo, ukimaliza shule utaulizwa kazi, ukipata kazi utaulizwa ndoa, mtoto hajaota hata meno unaulizwa wa pili.

Lakini miaka tisa jamani. Nina daftari nimeandika kila mfuko wa simenti, kila tripu ya mchanga, kila hela ya fundi, na kuna mwaka una mstari mmoja tu, mifuko miwili, kwa sababu mama aliugua. Sasa mshahara wa mwezi huu umeingia, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka duka la vifaa vya ujenzi, kijana wa pale akaniuliza leo mingapi, nikasimama sina jibu. Nikarudi nyumbani mnyonge kama niliyefiwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu ulichokibeba miaka yote ukikitua, mabega yanabaki yanakitafuta. Na naamini kabisa wengi wetu tunakimbilia fensi kwa kuuogopa huo upweke, sio kwamba fensi ina haraka hivyo.

Na sisi watu wa Kigoma ndio tungetakiwa tujue kumpokea mtu aliyefika. Reli inaishia hapa tangu 1914, mtu anatoka Dar kilomita zaidi ya 1,200, anashuka stesheni amejaa vumbi, ziwa hilo hapo mbele yake. Unampokea begi, unamwambia pole na safari, anaoga, anakula, analala, stori mpaka kesho asubuhi. Hakuna anayemuuliza pale pale kwenye behewa unaondoka lini. Sasa aliyesafiri miaka tisa mbona hatumpi hata huo usiku mmoja?

Sawa, fensi nitajenga, kuna jirani kaibiwa bati juzi. Ila sio mwezi huu.

Jumatatu usiku ilinyesha mvua kubwa. Nikakurupuka kama saa nane natafuta beseni, maana kule tulikopanga masika yote lilikuwa linakaa katikati ya chumba, nimepapasa gizani mpaka sebuleni ndo nikashtuka nimesimama kwenye sakafu kavu. Mke wangu naye akatoka, tukakaa pale pale chini tunasikiliza bati mpaka mvua ikakatika. Watoto wamelala tu hawana habari.

Baba mdogo ukisoma hapa, karibu tena Jumapili. Migebuka ipo. Njoo tukae tu.